Uso Uliomsingizia Mwalimu wa Kwaya

Acha nianze na uji, kwa sababu uji ndio uliomharibia jina, na uji huohuo ndio uliomrudishia.

Kwetu hapa juu ya Ogembo tunalima chai na wengi wetu hatuinywi. Sisi ni Wasabato, tena wa ile aina ya zamani. Tunaichuma, tunaipeleka kituoni, tunarudi nyumbani kunywa uji wa wimbi, yaani ulezi. Mgeni akiingia hupewa uji kabla hajaulizwa amekuja kufanya nini, na lazima uwe moto, moto wa kuufanya mkono utafute leso. Mgeni anaupuliza, anavuta funda la kwanza kwa kelele, anasema "aah," na mama wa nyumba anajua ameheshimiwa. Sasa mchukue mtu mmoja anayepokea kikombe hicho, anasema asante sana mama, anakiweka chini kando ya kiti, halafu anaongea na kuongea mpaka uji unatanda ngozi juu. Huyo ndiye Mwalimu wetu wa kwaya. Alifanya hivyo katika kila nyumba ya mlima huu, na wenye nyumba walikuwa wakiumia.

Jina lake sitalitaja. Alinipa ruhusa ya kusimulia, lakini jina aliniambia niliache, kwa kuwa watu wakishalijua wataanza kumchungulia usoni tena. Hapa tunamwita Mwalimu tu. Amenifundisha kuimba alto tangu nikiwa msichana mwenye meno yaliyopishana, na nilipomaliza chuo nikafungua kemisti pale Ogembo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita Daktari. Nilimwambia mara ngapi kwamba mimi si daktari, mimi ni mfamasia! Akawa anajibu, "Sawa, Daktari."

Nimeishi na watu wengi wenye vyeo, na sijaona mtu ninayejivunia kumjua kama huyu. Nasema mapema ili asije mtu akadhani ninamsimulia kwa kumhurumia.

Alikuwa mtu wa maji ya kunde, mrefu, mkavu, viatu vyake vinang'aa hata siku za matope. Kwa usafi wa viatu alikuwa na kichaa. Ungemkuta kando ya barabara amesimama kwa mguu mmoja, anapangusa kiatu kwa jani la mgomba. Kwenye kwaya hakuwa na subira hata punje. Besi wakichelewa kuingia, kitabu cha nyimbo kinaruka. Alikuwa na marufuku zake: usiimbe huku umeegemea ukuta, usiimbe na pipi mdomoni, na zaidi ya yote usiimbe na mkono mfukoni. "Mkono mfukoni unaficha kitu," alisema. "Toa tuuone." Na alipenda kutukemea kwa sauti ya chini: "Mnapiga kelele. Mimi sikuomba kelele, niliomba wimbo."

Kusifu hakujua. Nimeimba mbele yake miaka na miaka, na sifa kubwa niliyopata ni, "Leo hukuniudhi." Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikiruka.

Halafu ule uso sasa.

Mashavu yake na pua yalikuwa mekundu, wekundu wa udongo wa barabara yetu baada ya mvua. Siku nyingine wekundu ulikuwa kidogo tu, siku nyingine ulipanda mpaka kwenye paji la uso na kuambatana na vipele vidogo vilivyomwasha na kumchoma. Akisimama juani unapanda. Akikaa karibu na jiko unapanda. Akiongoza wimbo wenye nguvu, pale kwenye ubeti wa mwisho, unaona uso mzima umewaka na macho yamelowa. Mtu wa mbali angeapa kwamba huyu bwana ametoka moja kwa moja kwa mama pima, muuza pombe.

Na watu waliapa. Fikiria mwenyewe: kanisa la watu wasiogusa pombe, mwalimu wa kwaya ana pua nyekundu na macho ya maji, na zaidi ya hapo anakataa uji moto. Kwetu mtu akikataa uji, swali ni moja tu, ni nini kimetangulia tumboni. Wimbi ni ileile ya uji na ya busaa, pombe ya kienyeji. "Mwalimu anaipenda wimbi ikiwa imeshachacha," walikuwa wakisema kisimani, kisha wanacheka wakifunika midomo. Kuna waliokuwa wakimsalimia kwa kumkumbatia, Sabato njema Mwalimu, Sabato njema, kumbe pua ziko kazini. Yeye alijua. Alikuwa akisimama wima kabisa akumbatiwe, anuswe, halafu anauliza, "Umemaliza?"

Kwa nini hakuwaeleza? Ndivyo nilivyomuuliza, tena kwa hasira, maana mimi huwa sinyamazi. Akanitazama kana kwamba nimeimba noti ya jirani. "Daktari, nimekaa na watu hawa umri wangu wote. Kama wanahitaji maelezo, basi nilikaa nao bure."

Hapo ndipo kiburi chake kilipokuwa, na sitakipamba. Kilimgharimu.

Alianza kuja dukani kwangu kwa sababu ya uso huo Ijumaa jioni moja, jua likiwa karibu kuzama nami nafunga madirisha kwa ajili ya Sabato. Alikuwa amepaka kitu chenye harufu ya mnanaa na macho yanamtoka machozi. Nikamnawisha kwa maji baridi palepale. Nilipomuuliza amewahi kupaka nini, ai! Limau. Dawa ya meno. Shubiri mbichi. Sabuni ya kufulia, eti itakausha. Mafuta ya kunyolea ya marehemu baba yake. Kila jirani alikuwa amemletea kitu, naye alikuwa amejaribu vyote, vingine kwa siku moja.

Nilimpeleka kwa daktari wa ngozi Kisii mjini. Daktari akamtazama kwa kurunzi, akamuuliza maswali, akampa ugonjwa jina: rosasia. Akasema watu wengi wa rangi yetu wanazunguka nao wakidhani ni chunusi, maana wekundu hauonekani upesi kwenye ngozi nyeusi. Hauambukizi, hautokani na uchafu, na wala hauhitaji tone la pombe ili uwake. Tulipotoka nje Mwalimu akasema, "Jina zuri hivyo, na adabu mbaya hivyo." Nilicheka mpaka stendi.

Tangu siku hiyo nilimjua mtu mwingine ndani ya mtu yule. Yule aliyekuwa akirusha vitabu, kwenye ngozi yake alikuwa na subira ya ajabu. Nilipomtolea vitu vyote kwa pamoja, sabuni laini, losheni, krimu ya kukinga jua, jeli ya daktari, alivirudisha vyote ng'ambo ya kaunta akabakiza kimoja. "Huwezi kuingiza sauti zote nne siku moja," akasema. "Ikiharibika utamjuaje aliyekosea? Kwanza besi peke yake." Nilimkodolea macho. Ndivyo hasa ninavyowaambia wateja na hawasikii, na huyu amefika peke yake kwa njia ya kwaya.

Kwa hiyo besi ikawa kisafishio cha uso kisicho na sabuni wala manukato. Alikijaribu kwanza chini ya taya karibu na sikio, siku kadhaa, kabla hakijaruhusiwa shavuni. Kilipokaa vizuri akaja kuchukua sauti ya pili, yaani losheni nzito kidogo isiyo na harufu. Na hivyo hivyo, pole pole. Kila chupa aliinusa. Ikiwa na waridi, ikiwa na spiriti, ikiwa na mnanaa au zile chembe za kusugua, anaisukuma kwa kidole kimoja. "Hii ina kelele," anasema. Mpaka leo nami naongea hivyo. Mteja mwenye ngozi ya kuchomachoma akija na chupa yenye maua yote ya shamba, namwambia, mama, hii ina kelele, na ananielewa kuliko nikimsomea viungo.

Kukinga jua ndiko kulikokuwa vita. Losheni ya jua ya kwanza ilimchoma, ya pili ikamchoma, ya tatu ilikuwa ya zinki, imetulia, lakini ilimwacha mweupe usoni kama aliyetoka kusaga unga. Nilidhani ataikataa. Akaenda nayo kanisani. Akinamama wa soprano wakamvamia: "Mwalimu, tukuletee na rangi ya mdomo?"

"Kama haina manukato, leteni nijaribu."

Na mwamvuli juu yake! Mwanamume mzima, jua kali, anatembea na mwamvuli mweusi kutoka Ogembo mpaka juu. Watu wa bodaboda walimzomea, yeye anawapungia mkono. Lakini mtu huyohuyo aliyewakataza wasichana wa kwaya kujitazama kwenye kioo, eti ni majivuno, alikuwa na kioo kidogo ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo. Nilikiona kilipoanguka. Akakiokota, akasema, "Hiki ni cha kazi," na hakutaka mjadala.

Sasa ngoja nifike kwenye habari ya tyubu moja.

Mwaka mmoja alikaa wiki kadhaa bila kuja dukani, na alipokuja nilishtuka. Uso ulikuwa safi, laini, kama wa kijana. Alikuwa akitabasamu, jambo lililonitisha zaidi. Nikamsogeza mlangoni kwenye mwanga. Ngozi ilikuwa imekonda, vishipa vidogo vinaonekana puani. Nikajua.

"Mwalimu, unapaka nini?"

Akatoa tyubu ndogo mfukoni akaiweka kwenye kaunta. Akinamama wa vipodozi sokoni wanaiita ile ya haraka. Ndani yake kuna dawa kali ya steroidi, isiyotakiwa hata kidogo kwenye uso wa namna yake.

"Imenisafisha," akasema.

"Imekunyamazisha. Haijakutibu. Na kadiri utakavyoendelea, siku utakayoiacha utalia."

"Niiache lini?"

"Leo."

Tulikuwa tunakaribia makambi, na ninyi msiojua, makambi kwetu ni mkutano mkubwa wa mwaka, mahema yanajaa, makwaya yanatoka hata Nyamira, na Mwalimu alikuwa ameandaa wimbo wake mwenyewe, aliouandika baada ya mkewe kufa. Alikuwa ameutunza miaka. Na huko nyuma ya mgongo wake, baraza la kanisa lilikuwa tayari limeanza kunong'ona kwamba asiongoze tena mpaka mambo yachunguzwe. Uso safi ndio uliokuwa umewanyamazisha. Yeye alijua, nami nilijua. Akaisukuma tyubu kwa kidole kimoja, kama zile chupa za waridi, akaenda zake.

Daktari wa ngozi alikubaliana nami, akampa jeli na vidonge, akamwonya kwamba mambo yatakuwa mabaya kwanza. Yalikuwa mabaya haswa. Uso ulirudi na riba. Ulivimba, ukatoa vipele vyenye usaha, ukachoma hata upepo ukiugusa. Nilikuwa nikimwona anapita na mwamvuli wake, nataka kulia. Na watu wakasema, mnaona sasa? Alikuwa ameacha kidogo, amerudia.

Baraza likamwita. Jengo la kanisa lilikuwa linapakwa rangi, kwa hiyo tulikaa nyumbani kwa Mzee wa Kanisa, Jumapili asubuhi, mimi nikiwepo kama katibu wa kwaya. Siku iliyotangulia nilimwomba Mwalimu aniruhusu nieleze ugonjwa wake, maana siri ya mgonjwa siwezi kuitoa bila yeye. Akakataa. Nikamwomba angalau alete karatasi ya daktari. Akasema, "Karatasi wataiamini. Nataka waniamini mimi." Nilimwita mkaidi, na nilimwambia usoni.

Alikuja na koti lake jeusi, viatu vinang'aa, uso unawaka. Akaketi. Na jambo moja niliona likanishangaza: mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni mwa koti, na haukutoka.

Mzee wa Kanisa si mtu mbaya. Alihangaika na maneno. "Mwalimu, tumesikia mambo. Hatusemi tumeamini."

"Mambo gani, Mzee?"

"Kwamba... unaonja."

"Naonja nini?"

Kuku walikuwa wakiparua nje. Wakati huo ndipo mke wa Mzee, ambaye sote tunamwita Mama Shemasi, alipoingia na sinia la vikombe vya uji, mvuke unapanda. Akagawa. Alipofika kwa Mwalimu akataka kumpita, kwa adabu, maana hakuna mama anayependa kuaibishwa mbele ya watu.

"Mama," Mwalimu akasema, "mbona unaniruka?"

"Wewe uji wangu huutaki, Mwalimu."

"Leo nautaka. Tena ukiwa na wa moto zaidi, nipe huo."

Aliunywa wote. Hakupuliza. Alishika kikombe kwa mkono mmoja, ule mwingine bado mfukoni, akanywa akimtazama Mzee wa Kanisa, na sisi tukaona. Mungu wangu, tukaona. Wekundu ulitoka mashavuni ukapanda kwenye paji, ukashuka shingoni, masikio yakawaka, vipele vikasimama vinang'aa, machozi yakamshuka yenyewe. Nilijua maumivu yale, maana nayatibu. Nilitaka kuinuka nimpokonye kikombe.

Akakiweka chini. "Mzee, njoo uninuse."

"Mwalimu, hakuna haja ya..."

"Mnanusa kila Sabato kwa wizi. Leo nusa kwa halali."

Mzee akainuka, akasogea, akainama. Uso wake ulipokaribia ule mwingine akalisikia joto lake. "Ni uji tu," akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mwenyekiti wa kitu chochote.

"Basi hiyo ndiyo pombe yangu. Uji wenu. Jua la makambi. Moto wa jikoni. Na wimbo, ninapowaimbisha kwa nguvu zangu zote. Ngozi yangu haiwezi kuvumilia vitu mnavyonipa kwa upendo, na sikuwahi kuona namna ya kuwaambia."

Aliyeongea kwanza ni Mama Shemasi. Alikuwa ameshika sinia kifuani, analia waziwazi. "Miaka yote hii," akasema, "nilidhani uji wangu ni mbaya. Mwalimu, nilibadilisha hata mahali pa kusagia!"

Na yule mtu, ambaye hakujua kusifu, akamwambia, "Mama, ndio uji mtamu kuliko wote niliowahi kunywa." Sijamsikia akisema maneno kama hayo kabla wala baada yake.

Aliongoza makambini. Uso ulikuwa bado haujapoa, umepakwa zinki mpaka mweupe, na alisimama chini ya mwamvuli ulioshikwa na Mzee wa Kanisa mwenyewe, kwa mkono wake, wimbo mzima. Makwaya ya Nyamira yalidhani ni desturi yetu. Nilikuwa kwenye alto, na sikuimba vizuri, kwa sababu fahari ilinifanya nimtazame yeye badala ya kitabu. Aliniambia baadaye kwamba nilimuudhi.

Ngozi ilitulia kwa miezi, si kwa siku. Haikupona kabisa, na sikuwahi kumdanganya kwamba itapona. Ila kwenye mlima huu kilibadilika kitu. Ukiingia nyumba yoyote leo ukaona dirishani kikombe cha uji kimefunikwa kwa kisahani, kimeachwa kipoe tangu asubuhi, usikiguse. Ni cha Mwalimu, huenda akapita.

Majuzi nilimkuta kwa Mama Shemasi baada ya ibada. Sasa hatembei vizuri, na kwaya ameiacha kwa mwingine anayerusha vitabu kidogo zaidi ya inavyofaa. Alikuwa ameketi barazani kivulini, kikombe chake baridi mkononi. Nikaketi karibu naye. Alinigeuza kidevu kwenye mwanga, akanikagua, akauliza kama mimi mwenyewe ninapaka ya kukinga jua au nawauzia watu tu.

Kisha akasema, "Daktari, siku ile ya baraza, uliniona na mkono mfukoni."

"Nilikuona. Na nilishangaa, wewe ulivyotukataza."

"Hukuniuliza."

"Nilikuogopa."

Akacheka. Akaingiza mkono kwenye lile koti jeusi, ambalo sasa linampwaya, akatoa kitu akakiweka kwenye kiganja changu na kukifunga kwa vidole vyake. "Niliinunua sokoni wiki ileile nilipokuachia ya kwanza. Kila asubuhi mpaka siku ya baraza nilikuwa naishika mbele ya kioo. Hata mle ndani nilikuwa nimeishika. Nilijua kama ningeipaka siku chache kabla, ningeingia nikiwa safi, na wasingeniuliza neno."

Nikafungua mkono. Tyubu ilikuwa ile ya haraka, rangi imefifia, maandishi yamefutika kwa kushikwashikwa. Nikazungusha kifuniko kikatoka kwa shida. Ile karatasi ya bati inayoziba mdomo wa tyubu ilikuwa nzima, haijatobolewa.